Jenereta la Bwana Najua

Shoga, acha unachofanya usome hii.

Dada leo nusura afe. Juu ya nguzo! Na nusura auawe na shemeji yake, mdogo wa mumewe, yule Bwana Najua.

Umeme wa mtaa mzima ulikuwa umezimwa ili dada na mafundi wenzake wabadilishe waya uliochakaa. Akapanda, akapima kabla ya kugusa. Kipimo kikawaka. Kikawaka! Waya uliozimwa una umeme!

Akashuka, akafuata mlio wa jenereta. Ukamfikisha wapi? Nyumbani kwake mwenyewe! Kikulacho kweli ki nguoni mwako. Bwana Najua kachomeka jenereta kwenye soketi ya sebuleni bila kuzima swichi kubwa, umeme ukarudi hadi kwenye nguzo. Na dada alishamkataza mpaka mdomo ukakauka.

Sasa sikia jibu la huyo mshenzi. Yuko kwenye kochi, anatazama mpira: "Si hujafa? Kelele za nini?"

Si hujafa! Kasema hivyo mbele ya kaka yake. Na kaka mtu kimya, macho kwenye mpira.

Dada akalizima jenereta. "Twende ukaushike wewe ule waya, mimi niwashe." Jamaa akacheka. Akacheka, shoga!

Sasa hivi dada kanipigia, anapanga nguo za watoto kwenye begi. "Nitandikie kitanda, nakuja."

Nikamuuliza, "Unamkimbia huyo mjinga?"

"Yule hata simhesabu," akasema. "Namkimbia aliyenyamaza."