Tairi za Shangazi Ndila

Jumatatu, 3 Novemba

Shangazi Ndila amenipa kazi ambayo sikuiomba. Nimchagulie tairi!

Alikuja ofisini saa ya chakula, akaegesha lile gari lake dogo la manjano mbele ya masijala ya ardhi kana kwamba amekuja waziri. Suzuki Swift, ile ya Sport. Wenzangu walitoka kutazama. Mama wa miaka sitini, kitambaa kichwani, viatu vya kanisani, anashuka kwenye gari ambalo kila kijana wa Machakos analitamani. Linet wa meza ya ramani akaniuliza huyo ni nani wangu. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia: ni shangazi yangu.

"Mwaitu," akaniita mbele ya watu wote, "gari inataka viatu. Wewe ndiye utachagua."

Linet akacheka. Yeye ni wa Kakamega. Ilibidi nimweleze kwamba kwa Kikamba mwaitu ni mama. Nyanya alikuwa Kalunde, nami ni Kalunde kwa jina lake, basi kwa watoto wa nyanya, yaani shangazi na baba, mimi ni mama yao. Alidhani ni mzaha tu. Ungekuwa mzaha tu, ningelala vizuri. Nilipokuwa darasa la nne shangazi alitaka kununua pikipiki. Nikalia, nikamwambia usinunue. Hakununua. Mpaka leo! Mama akikataza, amekataza.

Na mama mwenyewe ndiye mimi, ninayesoma hati mara tatu kabla ya kugonga muhuri, halafu nafungua tena faili nihakikishe nimegonga.

Tairi ni za nini? Tarehe 22 klabu moja ya magari itafunga barabara ya Mua asubuhi nzima. Gari moja moja, kutoka chini mpaka juu ya mlima, mshindi ni atakayefika upesi kuliko wote. Shangazi amejiandikisha.

Chakula changu nilimpa Linet.

Jumanne, 4 Novemba

Nimesoma habari za tairi mpaka macho yanauma. Sikujua mpira una elimu yake. Ubavuni mwa kila tairi kuna namba: ikiwa kubwa, mpira ni mgumu na utadumu miaka, ikiwa ndogo, mpira ni laini, unaing'ang'ania lami lakini unaisha upesi. Kuna herufi za jinsi inavyosimama kwenye maji — AA ndiyo bora. Na kuna tarakimu nne za kuzaliwa kwake, wiki na mwaka.

Jioni, uani kwa shangazi, nilichukua tochi nikainama kwenye gari lake. Tairi zilizo chini zina meno marefu, zinang'aa kama mpya. Zimezaliwa 2013.

Nilimwambia. Akasema, "Aiya! Na zinavyopendeza!"

Jumamosi, 8 Novemba



Shangazi alitaka nione barabara. Mvua ilikuwa imeanza, ile nyembamba ya Mua inayoonekana kama ukungu. Nilifunga mkanda nikaukagua mara mbili. Miguu yangu ilikanyaga breki isiyokuwepo tangu mjini hadi mlimani.

Lakini lazima niandike hili pia: sijawahi kuona mtu akifanya kazi yake vile. Ameendesha ambulensi ya hospitali ya misheni huko Mwala karibu maisha yake yote. Mikono ameiweka kwenye usukani kama aliyebeba sinia la chai moto. Kona haitazami — anatazama kule kona inakomalizikia. Na anaimba. Wimbo wa kanisani, chini chini, mdomo umefungwa. Ndivyo alivyokuwa akiwatuliza wagonjwa, kumbe mwenyewe hajui kwamba anaimba.

Kwenye kona ya mikalitusi, mkia wa gari ukatutoka. Ghafla tu! Nikaona bonde mahali palipopaswa kuwa na barabara. Nilipiga yowe. Yeye aliulegeza usukani kidogo, akaurejesha kidogo, gari likanyooka. Kuimba hakukukatika.

Tulisimama kwenye kibanda cha chai juu. Shangazi aliagiza chai. "Nimeona," akasema. "Hizo viatu zimezeeka. Ulisema ukweli, mwaitu."

Nikamuuliza kwa nini anataka jambo hili. Kwa nini asilee kuku kama wastaafu wengine.

Alikoroga chai yake. Kisha akasema miaka yote hiyo amepanda milima akikimbia, na kila mara kulikuwa na mtu anakufa nyuma yake, au mtoto anazaliwa vibaya, na mama anayelia. Anajua kukimbia. Hajawahi kufurahia. "Nataka mara moja tu, mwaitu. Nikimbie na nyuma hakuna mtu."

Halafu akacheka, akanisimulia habari ya viatu. Alipoingia darasa la kwanza, Kalunde — yule Kalunde mwingine — alimnunulia viatu soko la Muthetheni. Vikubwa, ili vidumu mpaka darasa la tatu. Siku ya michezo alikuwa mbele ya wasichana wote, viatu vikamtoka, akaanguka kifudifudi. "Vilidumu," akasema. "Hata darasa la nne nilivivaa."

Jumapili, 9 Novemba

Baba alikuja kutoka Athi River kwa ajili ya ibada. Baadaye, nyumbani kwa shangazi, alisifu chapati mbele yake. Mimi alinivuta nyuma ya tangi la maji.

"Mwaitu," akaanza. Huniita hivyo anapotaka kitu. Siku nyingine mimi ni Kalunde, au wewe. "Dada yangu amechanganyikiwa. Mimi akinisikia ananicheka. Wewe ukimwambia usiende, haendi. Neno moja."

Nikasema nitaangalia.

"Utaangalia nini? Akitumbukia kule bondeni, ni wewe utakuwa umemnunulia tairi za kutumbukia."

Baba anajua pa kunigusa. Macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani ni moshi wa jikoni.

Jumatano, 12 Novemba

Nimechagua!

Duka la tairi la Maundu, mchana. Maundu anaongea kuliko redio. Alitupangia seti tatu zinazoingia kwenye rimu za shangazi, akazipigapiga moja moja kama tikiti maji.

Alikuwepo kijana anaitwa Kimanzi, wa Syokimau, gari lake, Vitz, limenyanyuliwa kwenye jeki. Naye atapanda Mua. Alikuwa anafungiwa tairi karibu kipara, zina mistari miwili mitatu tu, zile za uwanja mkavu.

"Niaje shosh," akamsalimu shangazi, yaani habari nyanya. "Hiyo gari umeleta ioshwe?"

"Nimeileta ivae viatu," shangazi akamjibu. "Yako mbona umeivalisha slipa?"

Maundu aliangusha spana kwa kicheko.

"Hizi ndizo zinabamba, ndizo kali, shosh! Hakuna kitu inashika kama hii."

Nami nikauliza, sijui sauti ilitoka wapi: "Na mvua ikinyesha?"

"Mvua ni ya wakulima."

"Kijana!" shangazi akashtuka kweli. "Umesimama Ukambani, nchi ya ukame, unatukana mvua?"

Seti moja kati ya zetu tatu ilikuwa ya slipa hizohizo, basi zikabaki mbili. Za kwanza, ngumu, namba yake kubwa ajabu. Zingedumu hadi mimi nizeeke. Niliweka mkono juu yake nikaacha hapo. Nikawaza: nikichagua hizi, gari litakuwa zito kwenye kona, shangazi atachukia mwendo wake, atakwenda polepole, baba atafurahi, na sitakuwa nimemkataza mtu. Hakuna atakayejua. Nitasema nilichagua zinazodumu.

"Hizo ni za kwenda Matuu kuchukua maembe," Maundu akasema. "Si mbaya. Lakini hii gari itanuna."

Nikageuka kumtazama shangazi. Alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. Mtu aliyevusha wagonjwa kwenye mito iliyofurika! Amesimama kama mtoto dukani anayengoja aambiwe viatu vipi vitakuwa vyake. Asingebisha. Ningesema hizi, angezivaa.

Nikaondoa mkono.

Seti ya mwisho ilikuwa ya barabara lakini ya mwendo. Nilipiga magoti nikazisoma zote nne, si moja, kwa sababu dukani huchanganya. Mpira laini, lakini si ule wa slipa. Mifereji minne mipana inayozunguka ya kumeza maji. AA. Zimezaliwa mwaka huu, zote wiki moja kama mapacha. Nilibonyeza ukucha, ukazama kidogo, kisha alama ikajifuta.

"Hizi," nikasema.

Maundu akazisukuma kuelekea gari.

Shangazi aliinama akazigusa. "Mwaitu," akasema, "leo umeninunulia za kunitosha."

Nililia nikiwa chooni kwa Maundu. Sijui kwa nini. Choo chenyewe hakina kitasa.

Jumamosi, 15 Novemba

Maundu alisema tairi mpya huwa na utelezi wa kiwandani, ziendeshwe taratibu kwanza. Nilimwambia shangazi taratibu. Akaenda taratibu siku zote hizi tatu — watu wa bodaboda walitupita wakipunga mkono! "Ndiyo, mwaitu. Sawa, mwaitu."

Leo nilipima upepo asubuhi kabla gari halijasogea, kwa sababu tairi ikipata moto kipimo kinadanganya. Shangazi hajawahi kupima, hutumia teke. Kwa hiyo kuna kitu kimoja duniani ninachokifanya vizuri kuliko yeye.

Kisha Mua. Lami imeloa. Kona ya mikalitusi ilipokaribia nilifumba macho, nikayafumbua kwa hofu ya kukosa kuona. Gari liligeuka. Basi! Kama mtu aliyeitwa jina lake akageuka. Maji yaliruka pembeni, nikasikia mpira ukinong'ona chini yangu, na mkia ukabaki mahali pake. Shangazi akaacha kuimba.

"Ulisikia?" akaniuliza.

Nikasema nimesikia.

"Nirudi tena?"

Nami — mimi! — nikasema rudi.

Alhamisi, 20 Novemba

Baba amepiga simu mara nne. Mara ya mwisho hakuniita mwaitu wala Kalunde. Alipumua tu, kisha akasema, nimebaki na yeye tu kwetu.



Jumamosi, 22 Novemba

Naandika nimekaa kwenye ukuta wa daraja dogo, chini ya mlima, mwavuli nimeubana kwa bega. Nisipoandika nitapiga kelele.

Mvua ilinyesha alfajiri, ikaacha, sasa imerudi. Wenye magari wamesimama wakitazama juu. Nimepima upepo. Nimerudia. Nimefuta matope kwenye mifereji ya tairi kwa kijiti, watu wakiniangalia.

Kimanzi ameenda. Tulimsikia akinguruma kona ya kwanza, vizuri. Ya pili, mlio mrefu, halafu kimya. Wote tukaganda. Kisha redio ya waandalizi ikasema dereva ni mzima, gari limezunguka limeingia kwenye nyasi. Ameteremka kwa miguu, kofia ngumu mkononi, amelowa chapachapa. Alipompita shangazi alisimama dirishani. "Shosh, huko juu ni sabuni," akamwambia. Hakuwa anatania. "Chunga, tafadhali."

Wanavuta Vitz. Shangazi ndiye anafuata.

Nimemwona baba. Anapanda barabara kwa miguu kutoka kule polisi walikofunga, bila mwavuli, anatembea nusu anakimbia.

Shangazi ameshusha kioo. Amevaa kofia ngumu juu ya kitambaa chake. Akaniita.

"Mwaitu. Umesikia vile kijana amesema. Naenda ama tunarudi nyumbani?"

Nilijua ananiuliza kweli. Mkono wake ulikuwa juu ya gia, na ungerudi nyuma kwa urahisi uleule wa kwenda mbele. Ningesema nyumbani, tungekuwa sasa tunakunywa chai, asingenilaumu hata siku moja. Angelea kuku.

Niliinama. Niligusa tairi ya mbele. Laini, maji yametulia ndani ya mfereji. Ninazijua tairi hizi kuliko ninavyojua sala zangu. Na yule mwanamke nimemwona kwenye kona ile zikiwa zimekufa, akaimba.

Sijawahi maishani kumwita jina lake tupu. Ingekuwa utovu wa adabu.

"Nenda, Ndila," nikamwambia. "Nenda ukimbie."

Alinitazama. Kisha uso wake wote ukafunguka — ule haukuwa uso wa mtu wa miaka sitini. Kioo kikapanda.

Bendera.

Ameenda.

Baba amefika. Amepiga kelele: umemwambia aende? Wewe? Wewe unayeogopa hata ngazi za benki? Maji yanamtiririka usoni, anataka kuendelea kusema, na mimi siwezi kusikia injini.

"Mutunga," nikamwita baba kwa jina lake. "Keti. Nyamaza nisikie."

Amekaa. Amekaa juu ya jiwe lililoloa, mikono kati ya magoti.

Kona ya kwanza. Sauti imeinama, ikainuka.

Ya pili, pale pa Kimanzi. Anapunguza gia. Hakuna mlio, ni maji tu yanapasuliwa. Ameipita!

Wingu limeshuka, gari silioni tena. Sasa ni kona ya mikalitusi. Nimewanyamazisha watu wawili wa klabu kwa kidole.

Baba ameshika ncha ya sketi yangu. Sidhani anajua ameishika. Ameniuliza, kwa sauti ndogo sana: "Mwaitu, bado unamsikia?"

Namsikia. Sasa anaingia kwenye mikalitusi, maji yanapasuliwa, hakuna mlio, ametoka, bado anapanda.