Mkaja Ulioukataa

Picha ya Ndege, Kibaha
Alhamisi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Najua hata kwenye karatasi unaweza kukataa kuniitikia marahaba, lakini shikamoo yangu nimeshaitoa, iliyobaki ni juu yako. Habari za hapo nyumbani? Goti linaendeleaje, lile la kulia linalokusumbua ukipanda shambani? Tangawizi mmeshang'oa? Huku mvua zinanyesha ovyo, na kila zikinyesha nakukumbuka na ndoo zako ulizozipanga chini ya bati. Mimi mzima, mzima wa kusema. Mengine utayasoma.

Nimekuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu simu ulinikatia mara tatu, na ya nne akapokea kaka Elineema akasema umelala. Saa nne asubuhi. Wewe, ulale saa nne asubuhi! Barua huwezi kuikata. Unaweza kuitia motoni, lakini nakufahamu, utaisoma kwanza. Anayeileta ni jirani yangu hapa, mtu wa kwetu, anakuja Same msibani kesho na ameahidi kuikabidhi mkononi mwako.

Mama, nina mimba. Miezi mitano. Nimeliandika mapema ili usije ukasema nilikuzungusha.

Na kwa kuwa leo nimeamua kusema kweli, ile malaria niliyokuambia mwaka jana haikuwa malaria. Ilikuwa mimba ya miezi mitatu, na ilitoka tukiwa Kibuta, kwenye nyumba ya mwalimu aliyetuhifadhi. Sikukuambia kwa sababu nilijua utasema ni laana ya kuolewa na mchawi. Sefu si mchawi, mama. Ningekuwa nimeolewa na mchawi tusingekuwa tunapanga chumba kimoja kinachovuja. Mume wangu anafanya mazingaombwe, na mazingaombwe ni kazi ya mikono, mbao na uzi. Njiwa anatoka kwenye koti kwa sababu mimi ndiye niliyemshonea mfuko humo ndani. Vitambaa vinavyotoka mdomoni mwake bila kwisha ni mimi ninayevifunga mafundo na kuvikunja, na mimi ninayevifua mate. Yale mapanga anayonichoma nayo mbele za watu ni bati tupu, hayakati hata ndizi mbivu.

Halafu kuna sanduku. Siri yake hatakiwi kuijua mtu, lakini kwa yaliyotokea haina maana tena kuificha, kwa hiyo nisikilize.

Sanduku linakaa juu ya meza. Mimi naingia nimevaa gauni la vimetameta, Sefu anafunga mlango, anachomeka mapanga, anafungua, hakuna mtu. Watoto wanapiga yowe. Kumbe sikwenda popote. Sakafu ya sanduku inafunguka, na chini yake, ndani ya meza, kuna nafasi ya mtu kulala kiubavu na magoti kifuani. Meza imepakwa rangi kwa mistari ili machoni ionekane nyembamba. Navuta ubao juu yangu, nakaa kimya, nawasikia watu wanabishana nimekwenda wapi. Tunazungumza kwa kugonga. Yeye akigonga mara moja, maana yake nijiandae kutoka. Mimi nikigonga mara mbili, bado. Mara tatu ni nitoe, nina shida. Miaka minne sikuwahi kugonga tatu.

Sanduku alilirithi kwa mzee aliyemfundisha kazi, na mzee yule alimwapisha kwamba siri yake haifunguliwi mbele ya watu, iwe iwavyo. Ila ile meza aliichonga upya kwa kipimo changu. Wiki tuliyooana alinilaza sakafuni, akanipima kwa ufito, akautia alama. Wenzangu walipimwa magauni.

Basi mimba inakua na ufito haukui. Mwezi wa tatu nilijikunja zaidi. Mwezi wa nne nikaanza kujifunga tumbo. Na nilijifunga na nini? Unaikumbuka kanga ya mkaja wako, ile aliyoileta Sefu na wazee wake siku ya mahari, ukawarudishia palepale sebuleni ukisema mkaja wa mchawi hautakaa kiunoni mwako? Ninayo. Niliiweka chini ya nguo zangu miaka yote hiyo, sikuivaa, sikuifua, kwa hasira tu. Nikaona ndiyo inayofaa, bado ngumu, ina dondo lake la dukani. Nikawa naizungusha, naikaza, nakata pumzi, naingia. Sefu alijua nina mimba. Alisema tumalize kwanza ziara ya Kisarawe, shule zimeshatoa ruhusa, kisha nipumzike. Nami nikakubali. Utamlaumu yeye, najua, lakini acha na mimi fungu langu.

Ijumaa iliyopita tulikuwa Vihingo. Kutoka Kibuta tulipakia vitu kwenye guta, mvua ikatupiga njia nzima, na turubai letu lina matundu. Mimi nimevimba, na mbao nazo zikavimba. Kabla ya onyesho niliujaribu ule ubao, nikaona unashika kidogo, nikaupaka nta ya mshumaa kama siku zote. Sikumwambia Sefu. Niliona nikisema ataahirisha, na tukiahirisha tunakula nini. Kosa hilo ni langu.

Uwanja wa shule ulijaa. Wanafunzi wamekaa chini, nyuma yao wakulima, nyuma kabisa wafugaji wamesimama na fimbo zao. Nikaingia. Nikajikunja, nikavuta ubao, ukaingia kwa nguvu ukakaa. Mapanga yakapita juu yangu, mlango ukafunguliwa, watoto wakapiga yowe lao. Vizuri. Akafunga, akagonga mara moja. Nikausukuma ubao, haukwenda. Nikausukuma kwa goti, na goti halikuwa na pa kupita, tumbo limeziba. Nikagonga mbili. Nikamsikia anaanza kichekesho chake cha mtu aliyemeza saa ya mkononi, kile anachokitumia kuvuta muda. Kanga ilikuwa imenibana mpaka pumzi inaishia kooni. Nikagonga tatu. Akaendelea, mtu amemeza saa, mkewe anamuuliza saa ngapi. Nikagonga tatu tena. Watu wakacheka.

Mama, nilikuwa mle gizani, nanusa nta na mbao mbichi, nasikia watu wazima na watoto wanacheka, nikawaza nakufa na mama yangu kanikatia simu. Nilikuchukia. Nisamehe, lakini nilikuchukia kweli.

Halafu kichekesho kikakatika katikati. Sefu akaanza kuipiga meza kwa yale mapanga yake, na kwa kuwa ni bati yakajikunja, na watu wakacheka zaidi. Akaomba shoka. Wakapiga makofi, wanadhani ndio mchezo wenyewe. Nikamsikia anasema, "Jamani, mke wangu anakufa humu." Makofi yakazidi. Ndiyo malipo ya kazi yetu, siku ukisema kweli wanakushangilia. Mchoma mkaa mmoja tu ndiye aliyemtazama usoni akaelewa. Akaja na panga lake, panga hasa, akaupasua ubavu wa meza.

Nilitolewa mbele ya uwanja mzima nikiwa nimekunjamana vilevile, miguu hainyooki. Wakaiona nafasi, wakauona ubao, wakaona kila kitu. Vijana wakaanza kusema kumbe uongo, kumbe uongo mtupu. Akatokea mama mtu mzima, Bi Mwajuma, ndiye mkunga wa kijiji, akawasukuma wote akanifunika kwa kanga yake. Akanipapasa tumbo, akalikuta fundo, akalifungua. Akaniuliza hiki ni nini. Nikamwambia ni mkaja. Akaikunjua, akasema:

"Mkaja unafungwa mtoto akishatoka, mwanangu. Wewe unamfungia ndani?"

Nililia mbele ya wanafunzi kama mtoto wa darasa la kwanza, na Sefu amesimama na kipande cha bati mkononi.

Damu ilitoka, si nyingi. Bi Mwajuma alinilaza kwake siku tatu, akinipa uji na kunigeuza, hakuniuliza dini wala kwetu ni wapi. Jumanne tukapita zahanati. Nesi alisikiliza kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuomba kimoyomoyo zile sala zako, kisha akasema moyo wa mtoto unapiga. Akasema pia nilale, nisibebe, nisijikunje, maana mimba hii inaning'inia. Ndivyo alivyosema, inaning'inia, na tangu hapo natembea nimejishika.

Sasa hivi ninavyoandika, Sefu yuko uani anagonga misumari. Anaitengeneza meza. Jumatatu ana shule Mlandizi, ambako habari za Vihingo hazijafika. Hajaniomba niingie. Lakini jana nilimwona na ule ufito anapima, na alama ni ileile. Nikamuuliza kama alisikia nilipogonga tatu za kwanza. Angeweza kunidanganya, kudanganya ndiyo kazi yake.

"Nilisikia," akasema. "Nilidhani utaweza."

Akalia. Mama, usifurahi, simuachi. Ni mtu mwema, na nampenda, na kile kisa cha mtu aliyemeza saa sitaki kukisikia tena maishani mwangu. Vyote hivyo ni kweli kwa pamoja. Lakini sitaki Jumatatu inikute hapa. Hataniomba, namjua. Atakaa tu anaiangalia sufuria tupu, na mimi mwenyewe ndiye nitakayesema, haya, mara moja tu. Mwaka jana Kibuta nilisema vivyo hivyo, mara moja tu, na yule wa kwanza akatoka usiku uleule. Ninajiogopa mimi kuliko ninavyomwogopa yeye.

Gauni la vimetameta nimeshaliuza kwa fundi anayekodisha nguo za maharusi. Hiyo ndiyo nauli yangu. Sefu hajajua. Leo nikimaliza barua hii nitamwambia, na atafanya kazi ya njiwa na vitambaa peke yake mpaka Mungu atakapotuonyesha.

Jumapili asubuhi napanda basi. Sijasahau ulivyosema siku ile, kwamba sitaukanyaga uwanja wako nikiwa mke wa mtu yule. Najua pia utaniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sema tu mama, guu limeshavunjika. Lakini ni wewe huyohuyo uliyekuwa ukituambia mtoto akinyea kiganja hakikatwi. Na kwetu binti mimba ya kwanza huja kujifungulia kwa mama yake. Hii naomba tuihesabu ya kwanza. Sidai chumba changu cha zamani, najua mmewekamo mahindi. Nipe ile kona ya jiko la nje unapowaweka mbuzi mvua ikizidi. Nimezoea mahali padogo, sitawabana.

Ukitaka kuniombea na wazee wa kanisa, nitakaa niombewe. Ukitaka kunisema kuanzia asubuhi mpaka jioni, niseme, nitakuwa nimelala tu, sina pa kukimbilia. Ila usinirudishe. Nikirudi huku kabla ya kujifungua, nitaingia tena mle ndani, na safari hii sidhani kama nitamtoa huyu salama. Sina mtu mwingine wa kumwandikia maneno haya.

Kanga nakuja nayo. Bi Mwajuma alitaka kuichoma moto, nikamkatalia. Nimeifua mara mbili, dondo limetoka lote, sasa ni laini, ungeishika ungeipenda. Kama bado huitaki kiunoni mwako, haya, na iwe yangu. Lakini siku mtoto atakapotoka nataka fundo ulifunge wewe kwa mikono yako, na ukaze utakavyo.

Msalimie kaka Elineema, umwambie akitaka kudanganya aje Sefu amfundishe. Msalimie wifi, mkewe, na mapacha wao. Msalimie bibi mzaa baba, umpigie kelele sikioni umwambie Nakijwa anamwamkia. Shangazi Namkunda mpe salamu za peke yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuja kwenye ndoa yangu akakaa nyuma na miwani ya jua, akidhani hatukumtambua. Baba mdogo naye msalimie, kama hasira zake zimepungua.

Nitafika jioni. Mlango utakuwa umefungwa, nakujua. Nitagonga mara tatu. Usiposikia, nitagonga tatu tena.

Maana yake sasa unaijua.

Ni mimi bintiyo wa tumboni,
Nakijwa