Usiliguse Gari

Meziane mwanangu,

Usiliguse gari. Asubuhi taa nyekundu ya breki iliwaka. Baba yako akakuta mafuta ya breki yamepungua, akajazia mafuta ya zeituni! "Ya shamba letu yana baraka, Mama Meziane," akanicheka. Nimempigia fundi Akli. Anasema raba za breki zitavimba na breki zitakataa kushika, na mteremko wetu unaujua.

Uchungu wa mkeo umekaribia. Ukianza, mkimbilie jirani Belaid, ana gari zima.

~~Ufunguo uko kwenye debe la unga.~~ Hapana, nimeondoka nao. Nakujua wewe.

Nateremka kwa miguu kumleta fundi, namwita Mungu kila kona. Nawe mwombe, mwanangu, lakini umwombe ukiwa hapo mezani, si kwenye usukani.

Mama yako