Kwa Dada Tekla Lugembe, Aliyengoja Barua Stesheni ya Kigwa

Kwa heshima na taadhima, ukoo wa Mzee Damas Lugembe wa Kigwa unautangazia ulimwengu, kupitia gazeti hili la parokia, kwamba leo, tarehe 14 Juni 1958, unamkumbuka binti yake mkubwa, muuguzi na mkunga. Ulimwengu utusamehe kidogo: jogoo wa karamu ametoroka, watu wote wanamfukuza, na mimi nimeachiwa kalamu kwa sababu ndimi niliyesomeshwa shule ya bweni.

Dada Tekla, mwaka umezunguka tangu homa ya matumbo uliyoipata wodini ikuchukue.

Tunakumbuka ulivyochemsha sindano huku ukiimba kwa sauti mbaya. Ulimwamkia kila mzee shikamoo kabla ya kumwambia avue shati. Watoto watatu uliowazalisha wanaitwa Tekla. Wa nne alikuwa mvulana, akaponea chupuchupu.

Ulitaka kitu kimoja: shahada ya juu ya uuguzi katika chuo kikuu cha Kanisa huko ng'ambo, urudi uwafundishe wauguzi wetu wenyewe. Uliomba mwaka 1955. Tangu hapo kila treni ya barua ilikukuta stesheni na sare yako nyeupe.

Baba ameagiza niandike hivi: "Walimdharau mwanangu. Hata jibu hawakumpa." Nimeandika.

Lakini kuna lililobaki, dada. Likizo ya kwanza baada ya wewe kuomba, nilikuandikia mwenyewe barua ya kukubaliwa, kwa mashine ya chapa ya shule, na muhuri niliouchonga kwenye kiazi kitamu. Ulianza kufuma sweta la baridi. Baba akachinja mbuzi. Niliposhindwa kuzuia kicheko ulinicharaza kwa mwiko, kisha ukacheka nawe.

Miezi minne baadaye ulinitumia shuleni kifurushi cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na kikaratasi ndani: "Barua yako ya pili imefika. Safari hii hunipati, mdogo wangu. Ila muhuri safari hii umeuchonga vizuri zaidi."

Sikuwa nimeandika barua ya pili.

Nilijua papo hapo kwamba hiyo ni ya chuo chenyewe. Nikaila michembe yako, nikanyamaza. Niliogopa fimbo ya Baba, nikajiambia nitakueleza likizo. Likizo ilipofika, siku ya mwisho ya kujibu ilikuwa imepita, nawe ulikuwa bado unakwenda stesheni.

Juzi Mama alitoa sare zako sandukuni azianike, akakuta barua mbili.

"Nisomee, Anselm."

Nikamsomea ile ya kiazi.

"Na hii?"

"Ni ileile, Mama."

Mama hajui kusoma. Alipitisha kidole gumba juu ya muhuri, polepole. "Huu umevimba," akasema. "Kiazi hakivimbishi karatasi. Soma."

Nikasoma. Walikukubali, dada. Waliandika kwamba wanakungoja Septemba, na kitanda chako kipo.

Mama hakunipiga. Alisema, "Yaandike hayo. Baba yako hulisoma gazeti la parokia neno kwa neno."

Baba, hawakumdharau. Mwenye kosa ni mimi.

Unakumbukwa na baba yako Damas, ambaye sasa amefika mstari huu. Mama yako Apolinaria. Mdogo wako Getruda, aliyelimalizia sweta lako na kulivaa. Na mimi, Anselm. Hawa hawatakusahau kamwe. Mimi sitaweza kukusahau hata nikitaka.