Nani Atashika Swichi

Mdogo wangu Wekesa,

Jua kwamba kakako ametengeneza peke yake mashine iliyowashinda mafundi wote wa Eldoret. Sawa, si peke yangu. Na fundi aliitwa mmoja tu, naye hakuja. Wewe mzima? Kifua cha mama kimetulia? Mimi goti linalalamika asubuhi, vingine viko sawa.

Uliniuliza kama bado naona nilifanya vizuri kurudi huku baada ya zile fujo za uchaguzi. Nikwambie ilivyo. Karakana yetu ya mageti huku Kiplombe ilifunguliwa, lakini bunduki ya rangi ikakataa kazi. Usimshtue mke wangu, hii hupuliza rangi ya unga tu, halafu stima kali inaibandika kwenye chuma. Sasa unga ulikuwa unaanguka chini, na mita ya stima kwenye mashine inapanda hata bunduki ikiwa haijaelekezwa popote. Maana yake stima inavuja njiani. Pasta akaja kuiombea, ikapanda zaidi. Mwenye karakana akasema isipopona kufikia Jumamosi anafunga, kila mtu aende kwao. Hilo neno "kwao", siku hizi unajua linavyosikika.

Wanaoijua mashine tulibaki wawili, mimi na Kipchumba, mwenyeji wa hapa. Tangu nirudi tulikuwa tunasalimiana kwa kidevu. Na kutafuta mahali stima inavuja kunataka mmoja ashike swichi, mwingine aingize mkono ndani. Nikajifanya natafuta miwani.

"Mzee, unaogopa stima ama unaniogopa mimi?"

"Stima haijawahi kuniuliza kabila."

Kipchumba akazima, akachomoa fyuzi, akaniwekea kiganjani. "Tia mfukoni, bila hiyo swichi haiwashi. Ukifa nitaomba nani tumbaku?"

Nikagusisha kwanza waya wa athi, ule wa kushusha stima ardhini, maana hata ukizima, stima hubaki imejificha mle. Tukaenda hivyo, toa kipande, washa, tazama mita, zima. Tulipotoa ule waya mnene unaopeleka stima kwenye bunduki, mita ikalala. Basi ugonjwa uko huko, ama kwa vile vishikio vya plastiki vinavyoubeba. Mkono wangu haukufika nyuma. Wa Kipchumba ni mrefu, kwa hivyo swichi ikawa yangu. Nikazima, na kabla sijachomoa fyuzi alikuwa ameshagusisha athi, mkono umeingia hadi begani, uso ameugeuzia ukuta. Hakuniomba fyuzi.

Alitoa vidole vyeusi. Yadi ya mbao nyuma yetu ilipochomwa kwenye zile fujo, masizi yaliingia kwa matundu ya mabati yakajipaka kwenye vishikio, na masizi hupitisha stima. Nani alichoma, hakusema, sikuuliza. Tukafuta kwa spiriti. Rangi ikashika, na kazi iko.

Kwa hivyo sirudi huko nyumbani. Msalimie mama, na binamu yetu mwalimu asiyejibu barua. Mke wangu mwambie nimekonda, anihurumie kidogo.

Na lile blanketi zito nililokimbia nalo, mpe kondakta wa basi aniletee. Usiseme huna nafasi. Ulipokwenda kuposa ni mimi niliyekuchungia ng'ombe, na yule mwekundu alinipiga teke. Huku baridi imeanza, nitumie wiki hii.

Kakako mkubwa,
Barasa