Mfalme wa Boma Letu Alipokuja Doha

Mama yangu mpendwa,

Kuna jambo ulilofariki bila kulijua. Nimekaa nalo tangu Januari, na kila nikipika, kila nikisahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, najikuta nakusimulia kimoyomoyo. Leo nimeona niliandike.

Baba alikuja Doha. Ndiyo, Baba yuleyule aliyekataa kulala Mombasa hata siku moja kwa kuwa maji yake yana chumvi. Tangu tulipokuzika alikuwa akikonda, na majirani walinipigia simu kuniambia kwamba anabandika chai na kuisahau mekoni. Nilimwombea viza, nikamkatia tiketi, na siku ya siku nikamwona akitoka pale uwanja wa ndege ndani ya koti lake la kanisani, kofia mkononi, akitazama sakafu inayong'aa kana kwamba anaogopa kuichafua. Nilipomkumbatia alinukia ile sabuni uliyokuwa ukimnunulia. Nilijikaza nisilie mbele za watu.

Unakumbuka alivyotawala boma letu. Redio ilikuwa yake, ufunguo wa ghala ulikuwa wake, na hata mvua, kaka Mwadime alikuwa akitutania, ilimsubiri Mzee aanue mahindi ndipo inyeshe. Tulimcheka tukiwa jikoni kwako, tena kwa sauti ya chini. Hakuwa mtu mbaya. Alilipa karo zetu bila kunung'unika na hakuwahi kukuinulia mkono. Ila neno lake likitoka, limetoka.

Wamisionari wa zamani waliigawa milima yetu ya Taita kama watu wanaogawana shamba: Wundanyi kwetu Waanglikana, kule Bura Wakatoliki. Baba alikuwa msomaji wa kanisa letu, na kwake mpaka ule ulikuwa umewekwa na Mungu mwenyewe. Basi Mwadime alipompenda Wakesho wa Bura, na akasema atafunga ndoa kwa akina Wakesho na kusali huko, Baba hakupiga kelele. Alikunywa chai yake akaimaliza, kisha akasema, "Katika boma hili kuna meza moja na kanisa moja. Anayetaka la pili, njia ni ile."

Wewe ulisimama mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi. Uliingia chumbani kwa Mwadime, ukazikusanya nguo zake zote, ukatia makaa kwenye pasi na ukazinyoosha moja moja, hata fulana za kulalia. Nilikuwa ningali shule ya msingi, nikakuuliza kwa nini unapiga pasi nguo za mtu anayeondoka. Ukaniambia, "Asifike kwa watu akaonekana kama amefukuzwa."

Tangu siku hiyo jina lake halikutajwa mezani. Lakini sisi wawili tulikuwa na safari zetu. Ulimwambia Baba unanipeleka kliniki, kifua kinanibana, nasi tukashuka Mwatate, na kutoka Mwatate tukaenda Bura. Ulibeba ndizi na kimanga, ile mihogo yetu iliyopondwa na maharagwe, ulichokifunga kwenye majani. Nakukumbuka siku ile ya kwanza ulipompokea mtoto wa Mwadime. Ulimwogesha kwenye beseni uani, ukamwimbia zile nyimbo zetu za Kianglikana, naye Wakesho akacheka akasema huyu atakuwa na makanisa mawili. Tulipokuwa tunarudi ulinishika mkono. "Tukiulizwa, tulikwenda kutibiwa," ulisema. "Na kweli, mwanangu, si tumetibiwa?"

Ulikwenda hivyo miaka mingi, hata baada ya mimi kuja huku kufundisha. Ukafa hivyo. Siku ya maziko Mwadime alisimama nje ya ua na watoto wake, katikati ya majirani, na Baba akasoma maandiko bila kuinua macho kutazama upande ule. Niliruka kurudi Doha nikiwa nimekasirika kiasi kwamba sikuweza kumpigia simu kwa majuma mengi.

Sasa nikwambie yaliyotokea huku.

Ijumaa ndiyo Jumapili yetu hapa, kwa hiyo Ijumaa ya kwanza nilimpeleka kanisani. Makanisa yote yamewekwa mahali pamoja hapa Abu Hamour, ndani ya ukuta mmoja, na wote tunaingilia lango moja. Ungeona, Mama. Wafilipino na shanga zao za rozari, Wahindi wa madhehebu ambayo sikuwahi kuyasikia nyumbani, Waethiopia wamejitanda shuka nyeupe, Waganda na Wakenya wenzetu wanaotoka zamu za ulinzi na za hoteli, wengine bado na sare. Baba alisimama katikati ya msongamano huo akageuka kila upande. Aliniuliza ni nani mkubwa wa hapa. Nikamwambia kila kanisa lina mkubwa wake, na wenye nchi wametupa mahali. Aliponyanyuka kusoma zaburi pamoja na wengine nilimwona mawazo yake yako mbali.

Mchana nilikuwa kazini, naye alibaki peke yake nyumbani. Nikirudi ninamkuta amevaa miwani, amekifungua kitabu changu cha kufundishia. Muhula ule nilikuwa nawafundisha watoto historia ya Ulaya, habari za matengenezo ya kanisa na za wafalme waliotawala bila kuulizwa na mtu. Ikawa desturi yetu: ninapika chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki inayopendwa huku, naye ananiambia amefika wapi.

Alimpenda sana yule mtawa wa Kijerumani aliyepinga kuuzwa kwa hati za msamaha wa dhambi. Aliposoma kwamba aliitwa mbele ya mfalme mkuu na wakubwa wote akaambiwa akane maandishi yake, naye akakataa, alipiga goti lake kwa kiganja. "Huyo ni wetu," aliniambia, utadhani ni mtu wa Wundanyi. Hata wafalme aliwapenda mwanzoni. Alisema nchi bila mwenyewe ni vurugu.

Kisha akafika kwa yule mfalme wa Ufaransa aliyejifananisha na jua. Babu yake mfalme huyo alikuwa amewapa Waprotestanti ruhusa ya kusali kwa namna yao, baada ya vita virefu vya kuuana kwa ajili ya dini. Mjukuu akaifuta. Alitaka nchi yake iwe na mfalme mmoja, sheria moja na imani moja. Makanisa yao yakabomolewa, askari wakapelekwa kulala na kula majumbani mwao mpaka wakane, wachungaji wakafukuzwa. Watu wa kawaida walikatazwa kuondoka, lakini waliondoka, wengine wamejificha ndani ya mapipa ya divai, wakaenda Uholanzi, Uingereza, Ujerumani, hata huku kwetu Afrika, kule kusini kabisa.

Nilimkuta Baba siku hiyo amesimama dirishani. Chai ilipoa. Alikuwa amekasirika hasa, kama mtu aliyeletewa habari ya jirani yake.

"Mtu anawezaje kumfukuza aliyezaliwa humo humo ndani?" aliniuliza. "Amemkosea nini? Si anasali tu?"

Naapa, Mama, sikuwa nimepanga neno wala sikumtazama usoni. Nilichukua kikombe chake nikakirudisha jikoni kukipasha moto. Niliporudi alikuwa ameketi, sauti imeshuka. Akaniuliza kama wetu nao, walipopata nguvu, walifanya hivyo. Nikamwambia ukweli, kwamba walifanya. Nikamweleza kuwa Uingereza Wakatoliki walisali kwa kujificha, na padri akipatikana aliweza kuuawa.

"Hilo hukuniambia mapema," alisema.

"Hukuwa umeuliza, Baba."

Watoto wa jirani walikuwa wanacheza mpira kwenye korido, tukausikiliza unavyogonga ukuta. Hatimaye akauliza, "Wale walioondoka Ufaransa, walirudi?"

"Wengi hawakurudi. Walizaa huko, wakazeekea huko. Wajukuu wao walisahau hata lugha."

Baba alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, akaifuta tena, akaiweka juu ya kitabu.

Ijumaa iliyofuata alivaa koti lake mapema kuliko mimi. Njiani akaniuliza ibada ya Wakatoliki ni saa ngapi. Nilidhani nimesikia vibaya. Tulipopita lango hakuelekea kule kwetu. Alifuata shanga za Wafilipino. Tuliketi nyuma kabisa. Watu walipopiga magoti yeye alibaki ameketi, mgongo wima, kofia mapajani, kama shahidi mahakamani. Ila waliposali Baba Yetu niliona midomo yake inacheza, na ilipofika pale pa kusamehe waliotukosea, ikaacha.

Tulipotoka gari lilikwama kwenye foleni ya kutoka. Ndipo akaniambia jambo hili ambalo nakuandikia.

"Mama yako alikuwa akienda Bura."

Nilishika usukani nikatazama gari la mbele.

"Unadhani sikujua?" alisema. "Siku moja alirudi na uji wa mtoto begani, kwenye leso. Pale mtoto mchanga anapolaza kichwa. Nikamwambia leso yake imechafuka, aifue. Sikumuuliza imechafuliwa na nani."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alitazama nje, wale watu wote wa makanisa yote wakivuka barabara pamoja kwenda kutafuta basi.

"Ningesema najua, ningelazimika kumkataza. Nilikuwa nimeshatoa neno. Basi nikakaa bila kujua. Akisema kliniki, nami nasema haya, nendeni salama. Halafu nakaa barazani mpaka nione mmerudi." Akaigeuza kofia mapajani. "Alikufa akiniogopa, Mghoi."

Mama, nililia kwenye foleni ile, dereva wa nyuma akatupigia honi. Nilikumbuka ile leso, ile ya maua ya samawati. Nikakukumbuka siku unaifua kwa haraka, ukiniuliza kwa kunong'ona kama Mzee ameshtukia. Kumbe kule barazani naye alikuwa anakutunzia siri yako bila wewe kujua.

Sikumsifu kwa hilo, wala wewe usinielewe vibaya. Kujua kwake hakukumpa Mwadime nyumba. Hakukukuondolea hofu. Nilimwambia hivyo, kwa adabu, nikiwa nalia. Hakubisha. Aliniomba nimpigie Mwadime tukifika.

Alikishika kile kisimu kwa mikono miwili. Mwadime aliposema haloo, Baba hakuweza kutoa sauti, na Mwadime akadhani ni mimi, akawa anaita Mghoi, Mghoi, kuna nini. Ndipo Baba akasema, "Ni mimi baba yako. Nilikukosea." Hakuongeza maelezo. Kisha Mwadime akasema, "Shikamoo, Baba." Sauti yake ilikuwa ya mtoto, Mama, mtu mzima mwenye mvi.

Isidhaniwe mambo yalinyooka siku hiyo. Mwadime alikasirika baadaye, kama inavyotokea mtu akishapata nafasi ya kukasirika. Alinipigia mimi akasema maneno mengi ya uchungu, kwamba Mzee amengoja mpaka wewe hupo. Nilimsikiliza. Ana haki. Kwa majuma kadhaa alijibu simu za Baba kwa mkato. Baba aliporudi nyumbani alishuka Bura mwenyewe, hakuitwa, na fimbo yake na mfuko wa ndizi, akaketi uani kwa Wakesho mpaka Mwadime aliporudi kazini. Wakesho anasema alimkaribisha ndani akakataa, akasema atangoja mwenye nyumba amkaribishe. Nilipoambiwa hilo nilijua kuwa mfalme wetu ameshuka kwenye kiti.

Pasaka walikuja Wundanyi wote, Mwadime, Wakesho na watoto. Mimi nilikuwa huku na mitihani ya watoto wa watu, nikaonyeshwa kwa simu. Walikwenda kaburini kwako kwanza. Baba alikuwa na kitabu chake cha sala, lakini hakukifungua. Alimwambia Mwadime aongoze, kwa namna ya kwao. Mwadime alisita, akapiga ishara ya msalaba, akakusalia. Baba aliinamisha kichwa, na mwisho nikasikia amina yake, ile amina nzito ya msomaji wa kanisa, imewapita wote.

Bado anabishana nao. Anasema nyimbo zao zinavutwa mno. Mjukuu wako mkubwa anambishia bila woga, na wewe unajua katika boma lile hakuna aliyewahi kumbishia Mzee akaendelea kula. Naambiwa anakula, tena anaongezwa.

Mimi nakukosa, Mama. Nakukosa nikiwa darasani, nikiwafundisha watoto hawa wa mataifa mengi habari za watu waliokufa zamani, na ghafla nikasikia sauti yako ikiniambia nisimame wima. Nakukosa zaidi siku za furaha, kwa sababu huzuni tulizoea kuibeba pamoja, ila furaha hii nimeibeba peke yangu mpaka leo nilipokuandikia.

Shule zikifungwa nitakuja. Nitakuletea maua, nitaketi kando yako, sitaharakisha.

Pumzika, Mama. Nyumba yako ina watu.

Ni mimi, kitinda mimba wako.