Sahani Iliyorudi na Mayai

Salma mjukuu wangu,

Nina miaka themanini na tatu. Ndugu zangu wote nimewazika, kiwanda cha magari cha Washwood Heath, nilikofanya kazi huku Uzunguni, kimekufa, mimi nipo. Bibi yako mzima, anakusalimu.

Unauliza mtajuaje kama kijiji hicho mnachohamia kitakupokea wewe, mumeo na mtoto. Ujanani nilichuma matufaha kwenye shamba la kijiji kama hicho. Hakuna aliyenishinda kuchuma, wala aliyenisalimu. Bibi yako akampelekea jirani Mzungu maandazi, ingawa nilimkataza. Kesho yake jirani akabisha hodi: "Sahani yenu hii." Ndani mna mayai sita! Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, lakini yeye alifundishwa na nani? Mpaka leo nastaajabu.

Pikeni maandazi. Myapeleke kwa majirani nyote watatu, wajue sahani ni ya nani, kisha mngoje muone itarudi na nini. Shahidi wangu bibi yako. Mayai alikaanga yeye.

Babu yako